Najibana mwezi mzima, mbona akiba haionekani?

"Shikamoo mshauri. Mimi ni mama wa watoto wawili, nimeajiriwa na mshahara unaingia kila mwezi bila kukosa. Tangu mwaka uanze nimejibana kwelikweli. Sinunui kitu kisicho na punguzo, na nina daftari ambalo kila nikipunguziwa bei naandika nimeokoa kiasi gani. Mwezi uliopita nilipojumlisha ilifika karibu sehemu ya kumi ya mshahara. Lakini siku mbili kabla ya mshahara akaunti ilikuwa tupu, nikakopa kwenye simu kama kawaida yangu. Mwaka jana nilijitahidi nikaweka pesa kidogo, ada ya watoto ikaja ikazimaliza, nikakata tamaa. Kaka yangu ananiambia nisijisumbue, pesa ya benki inaliwa na mfumuko wa bei, bora ninunue vitu. Je, nianze kulipa deni au kuweka akiba? Niweke kiasi gani? Na kwa nini wenzangu wanaweza, mimi nashindwa?"

Marahaba, mwanangu. Nianze na hilo la mwisho, maana naona ndilo linalokuumiza. Hujashindwa. Mtu anayeandika kila punguzo kwenye daftari kwa miezi mfululizo ana nidhamu ambayo wengi wanaokuja kwangu wanaitamani. Ila nidhamu yako yote imeishia kwenye kununua kwa bei nafuu, haijafika kwenye akiba yenyewe. Hayo ni mambo mawili, na kuyachanganya ndiko kunakokuchosha.

Kubana matumizi kunapunguza pesa inayotoka. Kuweka akiba ni kuitoa pesa kwenye matumizi ya leo na kuiweka mahali ambapo matumizi ya leo hayaifikii. Unaweza kufanya la kwanza kwa miaka bila kuligusa la pili, na matokeo yake ni hayo uliyoyaona: daftari limejaa, akaunti tupu.

Hebu fungua daftari hilo uchague mstari mmoja tu. Tuseme ni kitu kilichokuwa kinauzwa 100, wewe ukakipata kwa 70, ukaandika umeokoa 30. Jiulize kwanza: ningekinunua hata kama kingebaki 100? Kama jibu ni hapana, hukuokoa 30, ulitumia 70 ambazo hukupanga kuzitumia. Kama jibu ni ndiyo, uliza la pili: zile 30 ziko wapi sasa? Kama zilibaki kwenye akaunti ileile unayolipia nauli, umeme na mahitaji ya nyumbani, zilitumika, pengine kesho yake, na wala hukumbuki zilinunua nini. Pita ukurasa mzima namna hiyo. Nadhani utaona kwamba jumla uliyoipata mwezi uliopita ilikuwa hesabu ya bei, haikuwa hesabu ya pesa uliyonayo.

Na usijilaumu kwa kuvutwa na punguzo. Mchumi Richard Thaler, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2017, alieleza tangu miaka ya 1980 kwamba mnunuzi hupata raha mbili: raha ya kitu chenyewe, na raha ya kujua amekipata kwa bei nzuri. Hiyo ya pili inaweza kuwa kali kiasi cha kumfanya mtu anunue kitu asichokihitaji. Wauzaji wanalijua hilo vizuri, ndiyo maana bei ya zamani huachwa ionekane ikiwa imekatwa kwa mstari. Wewe uliiandika raha hiyo kwenye safu ya akiba, na daftari haliwezi kukukosoa.

Sasa tuangalie jinsi pesa inavyopotea. Watu wengi huweka akiba kwa masalio: mshahara ukiingia wanalipa kila kitu, wanatumia, halafu kitakachobaki mwisho wa mwezi ndicho akiba. Inaonekana ni busara, lakini haifanyi kazi. Pesa iliyokaa kwenye akaunti ya matumizi bila jina ni pesa inayotafuta kazi, na kazi haikosekani. Ndugu ataumwa, mtoto atahitaji viatu, rafiki ataomba mchango, na kila ombi lina haki yake. Huwezi kulikataa ombi la kweli kwa sababu ya akiba ambayo haijawa akiba bado. Na kwa kuwa uamuzi wa kutotumia unapaswa kufanywa upya kila siku, mara 30 kwa mwezi, siku moja tu ya udhaifu inatosha kuumaliza.

Dawa yake ni kuufanya uamuzi huo mara moja, mwanzoni, kisha usiuguse tena. Thaler na mwenzake Shlomo Benartzi walichapisha mwaka 2004 matokeo ya mpango waliojaribu kwa wafanyakazi nchini Marekani. Hawakuwaambia wajibane leo. Waliwaomba wakubali mapema kwamba kila watakapoongezewa mshahara, sehemu ya nyongeza iende moja kwa moja kwenye akiba ya uzeeni, na mtu akitaka kujitoa ajitoe. Waliojiunga walianza wakiweka asilimia 3.5 ya mshahara. Baada ya miezi 40 walikuwa wanaweka asilimia 13.6. Hawakuwa wamebadilika tabia. Uamuzi ulikuwa umefanywa kabla pesa haijafika mkononi, na hakuna aliyehisi amepunguziwa kitu alichokwisha kukizoea.

Kwa hiyo siku mshahara unapoingia, kiasi ulichokiamua kiondoke siku hiyohiyo, na kiondoke chenyewe. Benki nyingi hukubali agizo la kudumu la kuhamisha pesa kila mwezi, na waajiri wengine hukata kabla hawajakulipa. Kiende kwenye akaunti nyingine kabisa, isiyo na kadi, ambayo huioni kila unapofungua simu kuangalia salio.

Kuna watakaokushauri uifunge kabisa, usiweze kuigusa hata ukitaka. Hilo linasaidia baadhi ya watu. Nchini Ufilipino, Nava Ashraf, Dean Karlan na Wesley Yin waliwapa wateja wa benki moja nafasi ya kufungua akaunti ambayo pesa haitoki mpaka ifike tarehe au kiasi alichokitaja mteja mwenyewe, bila riba ya ziada. Baada ya mwaka mmoja, akiba za waliopewa nafasi hiyo zilikuwa zimekua kwa asilimia 81 zaidi ya za wenzao. Lakini utafiti mwingine wa Pascaline Dupas na Jonathan Robinson, uliofanyika Kenya na kuchapishwa mwaka 2013, ulionyesha upande wa pili. Watu walipewa masanduku ya kuwekea pesa kwa ajili ya mahitaji ya afya. Sanduku ambalo mwenyewe alikaa na ufunguo wake lilisaidia sana. Lile ambalo ufunguo alikaa nao mtu mwingine halikufua dafu, kwa sababu watu waliogopa kufungia pesa mahali wasipoweza kuifikia wakipatwa na jambo. Kwa hali yako, mwenye pengo la kila mwezi, mimi ningekushauri akaunti ya pembeni yenye usumbufu kidogo wa kutoa, isiyofungwa kabisa. Kufuli litafuata baadaye, kwa pesa ya malengo ya mbali.

Tuje kwenye deni. Hapa ndipo ningependa utulie na kalamu.

Umesema unakopa kwenye simu siku mbili kabla ya mshahara, na ni kawaida yako. Tuseme unakopa 100 na unatozwa asilimia 10, hivyo mshahara ukiingia unarudisha 110. Mwezi unaofuata unaanza ukiwa umepungukiwa 110, kwa hiyo mwishoni pengo linafunguka tena na unakopa tena 100. Kwa mwaka mzima utakuwa umelipa ada ya 120, zaidi ya ulichokopa, na bado mwezi wa 12 utapungukiwa 100 zilezile. Mkopo huo haukulipii kitu chochote kipya. Unakulipia siku mbili, kila mwezi, milele.

Tazama tena hesabu hiyo uone kinachojitokeza. Kama ungekuwa na 100 moja tu pembeni, ungeitumia siku mbili hizo, ukairudisha mshahara ukiingia, na zile 10 za ada zingebaki kwako kila mwezi. Kwa hiyo lengo lako la kwanza la akiba lisiwe miezi mitatu wala sita ya matumizi. Liwe sawa na kiasi unachokopa kila mwezi, basi. Hapo swali la "deni au akiba" linajijibu, kwa sababu kwako ni kitu kimoja: akiba yako ya kwanza ndiyo itakayouua mkopo.

Huwezi kuipata yote kwa mwezi mmoja, najua. Punguza kidogokidogo. Mwezi huu weka pembeni 15 siku ya mshahara, na pengo likifika tumia hizo 15 ukope 85. Mwezi ujao anza na kurudisha hizo 15, ongeza nyingine na ile ada uliyoiepuka, ukope pungufu zaidi. Kila hatua inaifanya inayofuata iwe nyepesi. Daftari lako ulihamishie huku: badala ya kuandika mapunguzo, andika tarehe na kiasi ulichohamisha, na pembeni yake kiasi ulichokopa mwezi huo. Safu moja ipande, nyingine ishuke.

Kama una madeni mengine makubwa zaidi, kanuni ya hesabu ni rahisi. Deni linalokutoza asilimia 20 kwa mwaka ukililipa mapema ni sawa na kuwekeza mahali panapokupa asilimia 20 bila hatari yoyote, na sijui mahali pengine pa halali panapotoa ahadi hiyo. Ukishakuwa na ile akiba ndogo ya kuziba pengo, nguvu yote iende kwenye deni lenye riba kubwa kuliko yote, huku mengine ukiyalipa kiwango cha chini yasiharibike. Wapo wanaopendelea kuanza na deni dogo ili walimalize wapate moyo. Kwa hesabu utalipa riba zaidi kidogo, lakini kama ndicho kitakachokufanya uendelee, siwezi kukukataza. Deni la riba ndogo la muda mrefu, kama la nyumba, linaweza kwenda sambamba na akiba.

Nimeguswa na uliposema ada ilikuja ikazimaliza pesa zako, ukakata tamaa. Mwanangu, hapo hukushindwa hata kidogo. Hapo akiba ilifanya kazi yake! Fikiria kama pesa hizo zisingekuwepo ungekopa wapi. Kosa lilikuwa kwenye mpangilio: uliweka pesa moja kwa ajili ya kila kitu, halafu jambo la kwanza kufika likaichukua yote.

John Maynard Keynes, mchumi wa Uingereza, aliorodhesha mwaka 1936 sababu nane zinazowafanya watu wasitumie pesa zao zote. Ya kwanza ni tahadhari, na ya mwisho ni ubahili mtupu. Zilizo katikati ni pamoja na kujiandaa kwa uzee, kutaka uhuru na kutafuta mtaji. Huhitaji zote nane, lakini pesa ya tahadhari haipaswi kukaa chungu kimoja na pesa ya jambo linalojulikana. Ada ina tarehe. Bima ina tarehe. Matengenezo, sare, kodi ya mwaka, safari ya mwisho wa mwaka, yote yana tarehe au yanakaribia kuwa nayo. Hayo si dharura hata kidogo, ni bili zinazolipwa mara chache. Yaorodheshe, jumlisha gharama ya mwaka mzima, gawanya kwa 12. Kiasi hicho ni matumizi ya kila mwezi kama umeme, isipokuwa bili yenyewe haijafika. Kipe akaunti yake, na siku ya ada itoe yote bila majuto. Dharura ni ugonjwa, kazi kukatika, msiba. Akaunti ya dharura isiguswe na kitu chenye tarehe.

Huenda ukishagawanya kwa 12 utagundua kwamba mshahara hautoshi hata kabla ya kufikia dharura. Ni bora kulijua hilo sasa kuliko kulijua wiki ya ada.

Na kaka yako? Wahenga walisema akiba haiozi, yeye anasema inaoza, na kwa kiasi fulani ana haki. Benki ikikupa riba ya asilimia 4 kwa mwaka huku bei zikipanda kwa asilimia 7, baada ya mwaka 100 yako imekuwa 104, lakini inanunua kile ambacho mwaka jana kilinunuliwa kwa takriban 97. Hali hiyo ikidumu miaka 10, itanunua kama 75. Ipo njia ya mkato ya kupima: gawanya 72 kwa kiwango cha mfumuko wa bei, utapata takriban idadi ya miaka ambayo bei zitachukua kuongezeka maradufu. Kwa asilimia 7 ni miaka 10 na kidogo.

Anapokosea ni kudhani kila pesa ina kazi ya kukua. Pesa ya dharura kazi yake ni kuwepo. Ile asilimia 3 inayopotea kwa mwaka ni malipo ya kuwa nayo usiku ule unapoihitaji, na ukiilinganisha na asilimia 10 kwa mwezi ya mkopo wa simu ni malipo madogo sana. Pesa ya ada ya miezi sita ijayo nayo haina muda wa kuliwa sana. Inayoliwa kweli ni pesa ya miaka 10 au 20, na hiyo ndiyo isilale kwenye akaunti ya kawaida. Huko ndiko kuna mfuko wa pensheni, hati fungani za serikali (unaikopesha serikali, inakulipa riba), mifuko ya uwekezaji wa pamoja, hisa, ardhi, kila kimoja na hatari zake, na hakuna haja ya kukimbilia huko wakati bado unakopa kuziba siku mbili. Kununua vitu kuna maana kwa kile tu utakachokitumia kwa hakika na kisichoharibika. Zaidi ya hapo, kitu hakilipi bili ya hospitali mpaka upate mnunuzi, na mnunuzi akijua una shida atakupa bei ya shida.

Kuhusu kiasi, asilimia 10 unayoisikia kila mahali ni lengo zuri, ila si sharti la kuanzia. Anza na kiasi ambacho hutakirudisha kwenye matumizi mwezi huohuo, hata kikiwa asilimia 2, kisha ukipandishe kila mshahara unapopanda au deni linapoisha. Marejesho ya deni lililokwisha ndiyo pesa rahisi kuliko zote kuiweka akiba, kwa sababu ulishazoea kuishi bila hiyo. Polepole, baada ya kuua mkopo wa simu, jenga akiba ya dharura mpaka ifikie matumizi ya lazima ya miezi mitatu, na sita kama kipato kinatikisika. Nasema matumizi ya lazima, si mshahara mzima, na tofauti yake ni kubwa.

Mahali pa kuiweka, hakikisha taasisi ina leseni na uliza kama amana zinalindwa na bima ya amana, na mpaka kiasi gani. Vikundi vya kuweka na kukopa, na ile michezo ya kupeana kwa zamu, vina nguvu moja kubwa: unaona haya kukosa kuleta. Vina udhaifu pia, maana zamu yako haisubiri dharura yako, na usalama wote unategemea uaminifu wa wachache. Vitumie kwa jambo lenye tarehe, usivikabidhi pesa ya dharura. Anayekuahidi faida kubwa kwa muda mfupi bila hatari mkimbie. Mwaka 1920, kule Boston, Charles Ponzi aliahidi faida ya asilimia 50 kwa siku 45, akawa anawalipa wa kwanza kwa pesa za waliofuata mpaka zikakauka, na ahadi hiyo bado inazunguka kwa majina mapya.

Kuna hali ambazo jibu la kuandikwa halitoshi, na ningependa umwone mtu ana kwa ana. Kama unakopa sehemu moja kulipa nyingine. Kama marejesho yanakaribia nusu ya kipato. Kama wadai wanakutishia au wanawapigia ndugu zako simu. Kama kuna deni unalomficha mwenzako, au pesa inapotea kwenye kamari, yako au ya mtu wa nyumbani. Na kama umeshapunguza kila kinachopunguzika lakini mahitaji ya lazima bado yanazidi kipato, hapo usijibane zaidi. Hilo ni suala la kipato, na linahitaji mazungumzo mengine kabisa.

Katika hali hizo anza kwa kuzungumza na mkopeshaji mwenyewe kabla hujachelewesha rejesho. Wengi hukubali kurefusha muda kuliko kumfukuza mdaiwa, lakini omba mapatano yawe kwa maandishi, na uliza kama kurefusha kutaongeza riba. Ukienda kwa mshauri wa madeni, beba taarifa ya akaunti na ya miamala ya simu ya miezi mitatu, orodha ya madeni yote, kila moja na kiasi kilichobaki, riba na tarehe ya rejesho, pamoja na ile orodha yako ya bili zenye tarehe. Usiache hata deni moja nje kwa aibu. Mshauri asiyejua deni la tano atakupangia marejesho ambayo huwezi kuyatimiza, na mwezi ujao mtaanza upya.